Mama Akivaa Kitambaa, Hayupo

Kicheko cha mwanamke kilitoka chumbani kwa mtoto.

Hakikuwa cha redio wala cha jirani. Kilikuwa kicheko cha mtu aliye karibu, mwenye raha zake, anayecheka mpaka anakosa pumzi. Kikafuatiwa na kicheko cha mwanaume, na hicho Mama Chiriku alikijua vizuri, maana ndicho alichoolewa nacho.

Alikuwa ameketi kwenye kile kistoo alichokigeuza ofisi, hedifoni kichwani, kompyuta mbele, magunia ya vitu vilivyochakaa nyuma ya mgongo.

"Dada, unanisikia?" dereva alikuwa anapiga kelele kwenye simu. Huyu alikuwa akiitwa Baba Honi, na jina halikumwonea. "Nimesema lori limezuiwa mizani. Wanataka ile karatasi ya mzigo!"

"Subiri kidogo."

"Nisubiri tena? Mimi hapa nimeshaota mizizi!"

Mama Chiriku akavua hedifoni, akatoka taratibu mpaka koridoni. Mvua ilikuwa inapiga bati. Akasukuma mlango wa chumba cha mtoto.

Mumewe alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani. Binti yao amemlalia mkononi. Hakukuwa na mtu mwingine. Dirisha limefungwa. Chini ya kitanda, viatu tu.

"Nani alikuwa anacheka humu?"

"Fundi, nakuuliza wewe. Nani alikuwa anacheka?"

Mumewe akageuza kichwa, akatazama dirisha.

"Chiriku, unadhani mvua hii itakatika leo?"

"Sijui, baba."

"Jamani, mnanifanyia makusudi?"

Macho ya mtoto yakampitia kama yanavyopita juu ya kabati. Hayakusimama.

"Tutamuuliza mama akirudi," mtoto alisema.

Mama Chiriku akahisi nywele za shingoni zinasimama. Akapeleka mkono pale pale shingoni, vidole vikagusa kitambaa. Chekundu. Hakuwa amekivua.

Akarudi kistooni. Baba Honi bado alikuwa anapiga kelele, sauti inavuja kwenye hedifoni mpaka koridoni.

Sheria ile ya kitambaa aliitunga mwenyewe, na siku anaitunga walicheka wote.

Alikuwa mpanga safari za malori katika kampuni ya mizigo. Zamani alikuwa anaondoka nyumbani asubuhi na kurudi jua likizama, amechoka hoi. Halafu bosi akampigia simu.

"Mama, kuanzia sasa fanyia kazi nyumbani. Saa jipangie mwenyewe. Ukitaka anza alfajiri, ukitaka anza mchana. Mradi malori yafike."

"Bosi, usinitanie."

"Mimi na utani wapi na wapi?"

Siku hiyo alimkumbatia mumewe mpaka bisibisi ikamchoma kifuani. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa kutoka na kuingia kutegemea nani kaharibikiwa. Sasa mtoto atamkuta mama nyumbani akitoka shule. Sasa watakula pamoja. Walipanga mambo mengi.

Tatizo lilikuwa moja, Chiriku. Jina hilo alipewa kwa sababu alikuwa haishiwi maneno. Mama yake akiwa anazungumza na wateja, anasikia, "Mama, mbu ana meno?" Mteja mmoja alijibu yeye mwenyewe kwamba hana.

Basi Mama Chiriku akachukua kitambaa chekundu, akakifunga shingoni, akamchuchumalia mwanawe.

"Sikiliza mwanangu. Mama akivaa kitambaa hiki, hayupo. Ameenda kazini. Hata ukimwona anapita, hujamwona. Sawa?"

"Hata akinywa maji?"

"Hata akinywa maji. Akikivua, amerudi."

"Na mimi je?" Fundi akauliza, anacheka.

"Wewe ndiye msumbufu namba moja. Sheria inakuhusu kuliko huyu."

Mwanzoni ulikuwa mchezo mtamu. Akivua kitambaa, mtoto anapiga mbio koridoni: "Mama karudi! Mama karudi!" Anamrukia kama aliyetoka safari ya mbali.

Lakini saa za kujipangia zina tabia ya mafuta ya taa, zikimwagika hazikai mahali pamoja. Leo anaongeza kidogo asubuhi. Kesho anamalizia kidogo baada ya chakula. Madereva nao wakagundua kuna mtu anapokea simu muda wowote, basi wakapiga muda wowote. Kitambaa kikawa hakivuliwi. Alikula nacho. Alioga, akatoka, akakifunga kabla ya kujifuta vizuri. Na Chiriku, yule wa maneno mengi, akawa mtoto mkimya.

Siku moja Mama Chiriku aliingia jikoni akakuta sahani mbili zimeoshwa zinakauka. Ya kwake ilikuwa kabatini, juu kabisa, ina vumbi.

Alisema ataliuliza hilo akipata nafasi. Simu ikalia.

Siku chache baada ya kile kicheko, wifi yake alikuja kuwatembelea. Dada mtu wa Fundi alikuwa mshonaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Alikaa sebuleni na kaka yake huku Mama Chiriku akipita kwenda kuchukua chaja, kitambaa shingoni.

"Kaka, mkeo yuko wapi?" wifi akauliza, akimtazama Mama Chiriku usoni kabisa.

"Yuko kazini."

"Anarudi lini?"

"Mungu ndiye anajua."

Wifi akacheka, kisha kicheko kikamwishia katikati. Akainama mbele, akashusha sauti, na alipoishusha ikawa sawa na ya watu wengine wanapoongea.

"Haya, na huyu mwanamke mwingine anayekuja mchana ni nani?"

Mama Chiriku akagandia mlangoni.

"Mwanamke gani?" Fundi akauliza.

"Usinifanye mtoto. Mwanao kaniambia. Baada ya shule kuna mama anakuja chumbani."

Fundi hakukataa. Alikaa tu, anasugua grisi kwenye kucha.

"Hayo tuyaache, dada."

Wifi alipoaga, Mama Chiriku alimfuata mpaka getini, huku akifungua kitambaa kwa pupa mpaka kikamkwaruza.

"Wifi! Simama. Nimevua. Sasa nipo."

"Afadhali. Nilianza kujiona mwendawazimu, mtu unamwona na humsalimii."

"Nani anaingia nyumbani kwangu?"

"Mimi nitajua wapi? Wewe si ndiye unashinda humo ndani?"

"Mtoto kakwambiaje? Neno kwa neno."

Wifi akatazama nyuma kwanza, kama anayehofia nyumba itasikia.

"Kasema ni Mama wa Kucheka. Anakuja baba akifunga mlango. Anamwimbia. Anamuuliza kama amekula." Akameza mate. "Nikamuuliza, anafananaje? Akaniambia hana sura."

"Hana sura?"

"Ndivyo alivyosema. Wifi yangu, mimi siyo mtu wa kuogopa ovyo, lakini chai yenu nilishindwa kuimaliza."

Kesho yake mchana sauti ikaja tena. Safari hii mwanamke alikuwa anaimba, wimbo wa kulaza watoto, anaukosea kosea na kujicheka. Mama Chiriku alikuwa katikati ya simu na mteja mkubwa. Akashika simu yake ya mkononi chini ya meza, akamwandikia mumewe aliye chumba cha tatu kutoka pale.

"Nani yuko na nyie huko?"

Jibu likaja. "Uko kazini?"

"Niko hapa hapa nyumbani. Nimekuuliza swali."

"Vua kitambaa uje uone."

Akautazama ujumbe ule. Akainuka nusu. Mteja akasema, "Mama, upo? Tunamalizia mkataba au tunaacha?"

Akaandika: "Dakika kumi."

Jibu halikuja. Na alipomaliza, zile dakika kumi zilikuwa zimezaa nyingine, chumba kilikuwa kitupu, na mto wa Chiriku una joto.

Hapo akakata kauli. Atamkamata huyo mwanamke kwa mikono yake.

"Leo nina kikao ofisini," alitangaza asubuhi, na alisema huku amevua kitambaa ili asikike. "Sitarudi mpaka jioni."

"Sawa," Fundi akajibu.

"Huniulizi kikao cha nini?"

"Ungetaka nijue ungesema."

Akavaa viatu vya kutokea, akafungua geti, akalibamiza lisikike. Akakaa dukani kwa jirani, nyuma ya makreti ya soda, kama mwizi anayevizia nyumba yake mwenyewe. Akaona mtoto anatoka shule. Akaona mumewe anarudi na kisanduku chake cha vifaa. Hakuona mwanamke yeyote akiingia.

"Basi huyu analala humo humo," akajisemea, na maneno hayo yakamtisha kuliko alivyotaka.

Akavua viatu. Akaingia kwa mlango wa jikoni. Sakafu ilikuwa ya baridi, nyumba imetulia, jua la mchana limelala koridoni. Alishangaa ukubwa wa nyumba ile. Ni lini mara ya mwisho alipita humo mchana bila kuongea na simu?

Sauti ilikuwa imeshaanza.

"Fundi wangu! Umekula wewe, au umeshindia tena maji ya bomba?"

Hilo "Fundi wangu" lilikuwa lake. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo, hata mama mkwe.

"Nimekula," mumewe akajibu, taratibu.

"Na huyo Chiriku wangu? Mwambieni nakuja. Asilale! Akilala namtekenya miguu."

"Silali, mama," mtoto akajibu.

Mama. Mwanawe anamwita kiumbe yule mama. Mama Chiriku akafungua mlango kwa nguvu.

Walikuwa wawili, kama siku ile. Baba na mtoto, na katikati yao, juu ya shuka, simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Mwanamke alikuwa anacheka ndani yake.

Mtoto akainua kichwa, akatazama mlangoni, pale pale mama yake aliposimama.

"Baba," akasema, "upepo umefungua mlango."

Mama Chiriku akajishika shingo. Hakukuwa na kitambaa. Kilikuwa kistooni, kwenye msumari.

"Chiriku. Sijavaa. Nitazame, mwanangu, sijavaa."

Fundi akainua macho. Yakaenda shingoni kwanza. Yakakaa pale, yakahakikisha, ndipo yakapanda usoni. Naye alijua mkewe ameliona hilo.

"Samahani," akasema. "Nimezoea kuanzia hapo."

"Huyo ni nani?" Alikuwa anaonyesha simu kwa kidole.

"Humjui?"

"Fundi, usinichezee. Huyo ni nani?"

Mumewe akabonyeza kioo. Sauti ikaanza upya: "Fundi wangu! Natoka kazini sasa hivi, nimechoka kama punda wa kukodi, lakini nakuja. Niwekeeni maji ya kuoga..."

Mama Chiriku akakaa sakafuni bila kupenda. Alikuwa ni yeye. Zile zilikuwa sauti alizokuwa akirekodi kwenye simu na kumtumia mumewe zamani, kila jioni, akiwa njiani kutoka ofisini. Sauti yake mwenyewe ilimpita kwa siku zote hizo kupitia ukutani na hakuitambua. Alikuwa amesahau anachekaje.

"Kwa nini ulinificha?"

"Aibu. Mwanaume mzima nasikiliza sauti ya mke wangu, na mke mwenyewe yuko chumba cha tatu. Ningekwambiaje?"

"Ungegonga mlango!"

"Niligonga. Chiriku alipong'oka jino, niligonga. Uliinua kidole hivi, kama askari anayezuia gari. Nikaja tena. Kidole. Mtoto akalala na jino mkononi." Akavuta pumzi. "Akaniuliza, mama yule wa zamani alienda wapi. Sikuwa na la kumwambia, nikamwekea sauti. Akaacha kulia. Kesho yake akaomba tena."

"Kwa hiyo ukaona umtengenezee mama wa kwenye kopo?"

"Wewe ulipotengeneza mama asiyeonekana, mimi nilisema nini?"

"Mimi nilikuwa natafuta riziki yetu, Fundi!"

"Na mimi nilikuwa nakaa chumbani naongea na simu iliyopasuka. Usidhani nilikuwa na raha."

Wakatazamana, wote wamechafukwa. Ilikuwa ugomvi wao wa kwanza baada ya muda mrefu. Hata kugombana walikuwa hawajapata nafasi.

Chiriku alikuwa anamtazama mama yake, kisha simu, kisha mama yake.

"Wewe ni mama yupi?" akauliza.

"Ni huyo huyo, mwanangu. Huyo wa kwenye simu ni mimi."

"Basi cheka."

Mama Chiriku akajilazimisha. Kilichotoka kilikuwa kama kikohozi.

Mtoto akatikisa kichwa. "Siyo wewe."

Na kama vile shetani alikuwa anasubiri mlangoni, simu ya Mama Chiriku ikaanza kulia mfukoni. Baba Honi.

Chiriku akashuka kitandani bila kuambiwa. Akatoka na miguu yake midogo isiyo na kishindo, akaenda kistooni. Akarudi amekibeba kitambaa chekundu kwa mikono miwili, amekikunja vizuri, akamnyooshea.

"Vaa, mama," akasema kwa adabu kubwa. "Sisi hatutakusumbua."

Hakuna tusi alilowahi kutukanwa mwanamke yule lililomwingia kama adabu ile. Akapokea simu.

"Dada! Leo tairi—"

"Baba Honi, mpigie wa zamu pale ofisini. Namba unayo."

"Huyo hapokei kama wewe!"

"Atajifunza. Mimi nimetoka kazini."

"Umetoka? Wewe unatokaga?"

Akakata. Pale pale sakafuni akampigia bosi.

"Bosi, zile saa za kujipangia. Nimezipanga."

"Si ndiyo maana nilikupa?"

"Hapana, nilikuwa sijazipanga. Zilikuwa zinanipanga mimi. Kuanzia kesho naanza mtoto akienda shule, nafunga akirudi. Nikifunga, nimefunga, hata lori likiota mabawa."

"Mama, wenzako wanalia wapate nafasi kama yako."

"Wape, ni nzuri. Ila waambie hizo saa wazifungie mlango. Kama hilo haliwezekani, nirudishe ofisini, angalau kule nilikuwa na saa ya kurudi nyumbani."

Bosi akaguna. "Tujaribu."

Fundi alikuwa amekuja sakafuni pia. Hakumkumbatia. Aliweka tu goti lake likagusa la mkewe, akaliacha pale.

"Na wewe," mkewe akamwambia, "siku nyingine ukiona natoweka, usinitafutie wa kukaimu. Vunja mlango. Bisibisi unazo."

"Nitavunja."

"Apa."

"Wallahi nitautoa na bawaba zake."

Haikuwa rahisi kama kuvua nguo. Kwa siku nyingi Chiriku aliendelea kumtazama mama yake shingoni kwanza. Wakati mwingine Mama Chiriku akiongea mezani, mtoto anachelewa kumsikia, kama sauti inatoka mbali. Sahani ya tatu ilioshwa ikarudi mezani, na mtoto akawa anaitupia jicho, kana kwamba anasubiri kuona chakula kitaliwa na nani. Ile simu ya zamani ikawekwa kwenye droo. Mtoto hakuiomba tena, ila akipita pale alikuwa anapunguza mwendo.

Alasiri moja Mama Chiriku alifunga kompyuta, akatoka kistooni, akakuta nyumba kimya.

"Chiriku!"

Akaangalia jikoni. Akaangalia uani. Fundi alikuwa chumbani anajipumzisha, hakuwa naye. Ndipo akaona, nyuma ya mlango wa sebule, vidole vya miguu.

Mtoto alikuwa amesimama wima, hapepesi macho. Shingoni amejifunga kitambaa chekundu.

"Chiriku, mwanangu, unafanya nini hapo?"

Hakujibu. Alimtazama mama yake kama anavyotazama ukuta.

Akapiga magoti mbele yake, uso kwa uso.

"Nakuona," akamwambia. "Unasikia? Nakuona."

Midomo midogo ikacheza. "Huwezi. Nimevaa."

"Hata ukivaa nakuona. Ukivaa vitambaa vyote vya dunia nitakuona."

Mtoto akafikiri. Kisha akainua kidole kimoja juu, kama askari anayezuia gari, akakunja uso.

"Subiri kidogo, mama. Nina lori limezuiwa mizani. Na huyu Baba Honi ameshaota mizizi."

Mama Chiriku hakujiandaa. Kicheko kilimtoka chenyewe, kutoka tumboni, kikajaa sebule, kikapiga koridoni, kikamwondolea pumzi mpaka akashika ukuta.

Mlango wa chumbani ukafunguka kwa kishindo. Fundi akatokea kifua wazi, macho yamemtoka, mkononi ameshika ile simu ya zamani.

"Nimesikia imejiwasha," akasema. Akaigeuza, akaitazama. Kioo kilikuwa cheusi. "Lakini haina chaji."

Chiriku alikuwa hamtazami baba yake. Alikuwa amesogea, amefungua kiganja, amekiweka taratibu juu ya mdomo wa mama yake uliokuwa bado unacheka.

"Baba," akasema, "imetoka humu."

Na kwa mkono wa pili akaanza kufungua fundo la kitambaa.